Katikati Ni Nusu

Kwaresima ile ilinikuta nina miezi minane sijasema na kaka yangu. Naanza na hilo kwa sababu nikilificha, yote yanayofuata yataonekana kama habari za mtu mtakatifu, na mimi sikuwa huyo.

Nilikuwa Ufaransa, mwaka wa pili, nalea watoto wa familia moja ya Kitanzania pembezoni mwa Paris. Kaka yuko nyumbani Rombo, kwenye kihamba alichotuachia baba. Baba alipofariki sikuweza kwenda kumzika. Kibali changu cha kukaa kilikuwa kimekwisha muda na kipya hakijatoka. Ningepanda ndege, kurudi kungekuwa kitendawili. Nikafanya tunachofanya wengi tulio mbali: nikatuma hela. Nikatuma ya msiba, kisha nikajibana miezi miwili nikatuma nyingine ya kujengea kaburi, marumaru na msalaba wa zege. Muda ukapita. Siku moja binamu akanitumia picha za kipaimara cha mwanawe, na nyuma ya watu waliopanga mstari nikaliona kaburi la baba. Tuta la udongo vilevile, na maua ya plastiki yaliyopauka kwa jua.

Nikaingia kwenye kundi la familia la WhatsApp. Humo tupo watu thelathini na kitu: shangazi, wajomba, watoto wa baba mdogo, na mkwe mmoja ambaye mpaka leo mahari haijaisha. Nikaandika: "Kaka, naomba mchanganuo wa matumizi ya hela ya kaburi."

Neno mchanganuo likiwa ofisini halina ubaya wowote. Likielekezwa kwa kaka yako mkubwa mbele ya shangazi zake, ni sawa na kumwita mwizi huku umevaa tai. Nililijua hilo nilipoliandika, na ndiyo maana nililichagua.

Akajibu, "Tutaongea." Nikasema hapana, tuongee hapahapa, kila mtu asikie. Nikabandika risiti za kutuma hela, zote mbili. Halafu usiku, nikiwa nimechoka na hasira imenipanda, nikaweka ujumbe wa sauti wa dakika nne. Asubuhi nikakuta ule mstari mdogo wa kijivu katikati ya skrini: kaka ametoka kwenye kundi. Shangazi akaweka viganja viwili vilivyobanwa kama vya mtu anayesali. Hakuna mwingine aliyesema kitu.

Basi ndivyo nilivyoingia Kwaresima. Jumatano ya Majivu nilipakwa majivu kama kila mtu, na mfungo niliushika barabara. Chai bila sukari, nyama hapana, na sarafu za kahawa ya kituoni nilizitia kwenye bahasha ya maskini. Nilikuwa na daftari kabisa, naandika kila siku nimejinyima nini. Kaka hakuwemo kwenye daftari.

Kwenye kwaya parokiani tulikuwa na mama mmoja wa Bukavu, mtu mzima, sauti ya pili, ambaye tulikuwa tunazungumza Kiswahili tukiwa wawili, mimi changu na yeye chake. Ndiye aliyenialika. "Dada, Ijumaa hauna kazi? Tuende Chartres." Nikadhani ni Njia ya Msalaba, maana kwangu Ijumaa ya Kwaresima haina maana nyingine: vituo 14, unapiga goti, unainuka, magoti yanauma kufikia kituo cha tisa, unamaliza unakwenda nyumbani. Akasema siyo, huko watu wanatembea kwenye mchoro ulio sakafuni mwa kanisa kuu la mji huo. Nikamuuliza kama mtu hapotei. "Iko njia moja tu. Hautapotea."

Wafaransa wanauita labyrinthe. Kamusi zetu zina neno mzingile, na wazee wa pwani walikuwa na mzingile wa mwambiji, yaani fumbo la kumchanganya mtu asijue aingilie wapi wala atokee wapi. Mzingile wa kanisani haufanani na huo. Hauna njia panda wala uchochoro unaogota ukutani. Mlango ni mmoja, njia ni moja, inazunguka na kujikunja mpaka ikufikishe katikati, na ukitaka kutoka unarudi kwa hiyohiyo.

Kutoka stesheni ya Montparnasse ni kama saa moja na ushee kwa treni. Sehemu ya mwisho ya njia ni mashamba ya ngano ya Beauce, tambarare tupu, na kabla hujauona mji unaiona minara miwili ya kanisa, isiyolingana urefu, imesimama peke yake juu ya mashamba. Kanisa lililotangulia liliungua mwaka 1194. Hili la sasa lilijengwa upya haraka baada ya moto, na mzingile uliwekwa sakafuni mwanzoni mwa karne ya 13. Ni duara lenye upana wa karibu mita 13, njia ya mawe meupe iliyotenganishwa kwa mistari ya mawe meusi, mizunguko kumi na mmoja. Ukiinyoosha njia yote ni kama mita 260. Siku nyingi za mwaka hutauona, umefunikwa na viti vya waumini. Huviondoa siku za Ijumaa, kuanzia Kwaresima mpaka mwisho wa Oktoba.

Nilivua viatu kwa sababu mama wa Bukavu alivua. Jiwe lilikuwa baridi mpaka kwenye mifupa. Mbele yangu alikuwepo kijana na begi mgongoni, na mbele yake mwanamke mnene aliyekuwa anatembea kama anayebeba ndoo iliyojaa. Watalii walikuwa wanapiga picha. Mtoto mmoja aliukata mzingile wote mbio, mama yake anamwita kwa kunong'ona kwa ukali.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba nilikaribia kufika mara moja. Unaingia, unakata kona mbili tatu, na hapo hapo uko kwenye mzunguko ulio ubavuni mwa kitovu. Ungenyoosha mkono ungemgusa aliyesimama ndani. Nikajiambia, kumbe ni rahisi hivi. Kisha njia ikanigeuza ikaanza kunitoa nje, mzunguko baada ya mzunguko, ikanirudisha ndani kidogo, ikanitoa tena, mpaka nikawa ukingoni kabisa, mbali kuliko nilipokuwa dakika ya kwanza. Nilianza kukasirika. Nilikuwa nahesabu kona kama ninavyohesabu punje za rozari nikiwa na usingizi. Mwanamke wa ndoo alikuwa upande wangu, bega kwa bega, nikadhani tumelingana. Kumbe yeye alikuwa amenitangulia sana, tunapishana tu. Kisha, nikiwa bado ukingoni nanung'unika moyoni, njia ikakunja mara chache, nikawa katikati. Sikuwa nimejiandaa hata kidogo.

Kitovu kina umbo la ua la petali sita. Palikuwa na bamba la shaba hapo zamani. Liling'olewa mwaka 1792, wakati wa Mapinduzi, likayeyushwe litengenezwe mizinga. Masalia ya misumari yake bado yanaonekana. Nilisimama juu ya hiyo misumari nikasali Baba Yetu, na nilipofika penye kusamehe makosa, nikasimama. Nikamwona kaka. Nikasema moyoni: Bwana, namsamehe. Na machozi yakanitoka, mazuri, ya moto. Nilijisikia mwepesi kama niliyetua mzigo wa kuni. Nikatazama saa, nikaona treni ya kurudi imekaribia, nikatoka katikati nikaukata mzingile moja kwa moja, juu ya mistari yote, hatua kama kumi, nikafika nilipoacha viatu vyangu.

Mama wa Bukavu alikuwa bado anarudi, kona kwa kona, polepole kama alivyoingia. Nilimsubiri nimevaa na koti. Treni ile tuliikosa.

Kwenye benchi la stesheni akaniuliza, "Mbona uliruka?"

Nikasema nilikuwa nimeshafika katikati, nimeshasali, nimeshamaliza.

"Katikati ni nusu," akasema, akafungua mkoba akatoa mkate tukagawana. Hakueleza zaidi, na kwa tabia yake ningemuuliza angebadilisha mazungumzo.

Wiki hiyo watoto wakilala nilikuwa nasoma habari za mizingile kwenye simu, nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kwamba kuruka hakuna kosa. Sikumpata, ila nilikuta mengi. Kwanza, ile habari inayorudiwa kila mahali kwamba mahujaji wa zama za kati walioshindwa kwenda Yerusalemu walikuja kuutembea mzingile badala yake: wanahistoria wanasema hakuna andiko la zama hizo linalothibitisha. Iliniuma kidogo, ni habari nzuri, nilikuwa nimeshamtumia dada wa kwaya. Kilichoandikwa kweli ni kigeni zaidi. Huko Auxerre, wakati wa Pasaka, mapadre wa kanisa kuu walikuwa wanacheza dansi juu ya mzingile wao huku wakirushiana mpira na mkuu wao, mpaka mchezo ukakomeshwa mwaka 1538. Reims walikuwa nao pia, wakaung'oa mwaka 1779, inasemekana kwa sababu watoto waliukimbilia kuchezea na kelele zao zikawakera mapadre kwenye sala. Nikamkumbuka yule mtoto wa Ijumaa.

Na lililonifurahisha kuliko yote: wa kale zaidi unaojulikana ndani ya kanisa uko Afrika. Ulikuwa kwenye sakafu ya kanisa la Mtakatifu Reparatus, mahali panapoitwa Chlef leo, nchini Algeria, kanisa lililoanzishwa mwaka 324. Hiyo ni miaka 30 kabla Mtakatifu Augustino hajazaliwa. Katikati yake hakuna ua wala picha, kuna herufi zilizopangwa mraba, ukianzia ya katikati unasoma SANCTA ECLESIA, Kanisa Takatifu, uelekee upande wowote. Mozaiki hiyo sasa imo katika kanisa kuu la Moyo Mtakatifu mjini Algiers. Nilimpigia mama wa Bukavu usiku kumwambia. Akasema, "Basi ni ya kwetu," akakata simu akalale.

Katika siku hizo hizo niliandika ujumbe kwa kaka. Faraghani, si kwenye kundi. "Kaka, ni Kwaresima. Nimekusamehe. Mungu akubariki." Nikausoma mara nyingi. Kila nikitaka kuutuma kidole kinasita, na sikujua kwa nini, maana ulikuwa ujumbe mzuri, wa Kikristo, hata mchungaji wa redioni angeupenda. Ukabaki hapo kwenye kisanduku haujatumwa mpaka Ijumaa.

Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Kwaresima Injili inatoka Mathayo sura ya tano. Niliisoma kwenye treni, safari hii niko peke yangu, mama alikuwa na zamu ya usafi. Ni yale maneno ya mtu anayeleta sadaka madhabahuni, "na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako". Nimeyasikia tangu utotoni, yanasomwa kila mwaka, na miaka yote hiyo niliyasikia kinyume. Nilidhani yanasema ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. Nikarudia mstari ule kidole kikiwa juu ya skrini. Ndugu yako ndiye mwenye neno juu yako. Mwenye kudai ni yeye.

Nilifika Chartres na tumbo limenishika. Nikavua viatu, nikaingia. Kwenda sitasimulia, ilikuwa kutembea tu, mguu mbele ya mguu, nilikuwa nimejaa mawazo. Katikati sikukaa. Nikageuka, nikaanza kurudi.

Kurudi ni jambo jingine. Unazipita kona zilezile, ila sasa kila iliyokuwa ya kushoto ni ya kulia, na watu wanaoingia mnakutana uso kwa uso kwenye kijia kisichofika nusu mita. Mmoja lazima ampishe mwenzake. Wakati wa kwenda mgongo wa mtu ndio unaouona. Wakati wa kurudi unaona nyuso. Na bila kupanga nikajikuta, kila nikikata kona, natamka kimoyomoyo kitu kimoja nilichofanya kwenye lile kundi, kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Ujumbe wa sauti. Kona. Risiti ya pili. Kona. Risiti ya kwanza. Kona. "Tuongee hapahapa, kila mtu asikie." Hapo nikasimama kabisa, mzee mmoja Mfaransa nyuma yangu akakaribia kunikanyaga. Nilikuwa nimemvua nguo kaka yangu mbele ya watu thelathini na kitu, na sasa nataka kumvika gizani, wawili tu, tena kwa kumwambia mimi ndiye ninayemsamehe. Hiyo ilikuwa njia ya mkato. Niliingilia kwenye kundi, na mlango wa kutokea ulikuwa hukohuko kwenye kundi.

Sitaki mtu asome hapa kwamba sakafu ilisema nami. Sakafu ni mawe. Ila nadhani miguu ina namna yake ya kumshikilia mtu. Nikiwa nimepiga magoti kwenye benchi ningeondoka dakika ya tano, kwa sababu amani ya katikati niliipata dakika ya tano, na ilikuwa ya uongo. Kwenye mzingile nilikuwa bado nadaiwa mita 260.

Jioni hiyo nikaandika kwenye kundi. Nilifuta mara nyingi. Uliobaki ulikuwa mfupi: kwamba mwezi wa saba nilimdhalilisha kaka hapa mbele yenu wote, kwamba kama nilikuwa na swali ningempigia simu, kwamba naomba radhi kwake na kwenu wazee wangu, na kwamba hela ya kaburi si hoja tena.

Nikabonyeza. Watu wakasoma mmoja baada ya mwingine, mpaka tiki mbili zikawa za bluu, hakuna anayejibu. Nikakaa nikitazama simu kama mwendawazimu. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelikumbuka mwanzo: kaka hayumo kwenye kundi. Alitoka. Ninamwomba radhi mtu kwenye chumba alichohama.

Ilimfikia, lakini. Mtoto wa shangazi alipiga picha ya skrini akamtumia. Familia haina siri ya kudumu siku mbili. Kaka alinijibu baada ya siku tano. "Sawa. Huko baridi imepungua?"

Nikajibu imepungua. Akasema huku mvua bado. Tukaendelea hivyo wiki nzima, mvua na baridi, mpaka Jumapili moja akapiga mwenyewe, na baada ya kuulizana hali za watoto wote akaniambia habari ya hela. Siku ya msiba hela yangu ilichelewa. Alikopa jeneza na gari la kumtoa baba mochwari, kwa riba, kwa mtu wa sokoni. Hela ya kaburi ilipoingia ndiyo iliyolipa deni. "Sasa ningesemaje kwenye kundi," akasema, "kwamba mtoto wa kwanza amemzika baba yake kwa mkopo?" Nilikuwa jikoni, nimeshika mwiko, ugali ukaungua.

Ijumaa zilizobaki nilikwenda karibu zote. Nyingine zilikuwa kavu kabisa, miguu inauma, nawaza bei ya tiketi. Moja nilimpisha bibi mwenye mkongojo, nikaweka mguu njia ya jirani, nilipoendelea sikujua niko upande gani. Nikajikuta nimerudi katikati badala ya kutoka. Kwa hiyo kupotea kunawezekana, nilimwambia mama wa Bukavu, akacheka mpaka akashika nguzo.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimerudi nyumbani. Kwaresima ikakaribia, nikamweleza katekista wa kigango chetu, na nikamchorea chini kwa kijiti ule mzingile mwepesi, wa mizunguko saba, ambao ni wa kale kuliko Ukristo wenyewe lakini kuuchora kwake kunaanza na msalaba. Unachora msalaba. Katika kila pembe yake unaweka kona, kama herufi L, na nje ya kila kona nukta moja. Halafu unaunganisha kwa matao: kichwa cha msalaba na ncha ya kona ya jirani, kisha ncha inayofuata kushoto na inayofuata kulia, unapanua matao mpaka ncha zote ziishe. Watoto wa Utoto Mtakatifu waliushika haraka kuliko mimi. Katekista aliutazama muda mrefu. "Dada, hii haitaleta maneno?"

Ilileta. Tulitumia chokaa iliyobaki ya kuchorea uwanja wa mpira, nyuma ya kanisa, na kabla haijakauka vijana wa bodaboda walikuwa wameshasema ni mambo ya Frimasoni, nimetoka nayo Ulaya, na ndiyo maana nimerudi nimenenepa. Paroko alikuja akautazama, akaniomba nimweleze, akauliza swali moja tu: kama utaingiliana na Njia ya Msalaba ya saa kumi. Nikasema hapana, tutatembea baadaye. Akasema basi.

Walibaki watu kumi na wawili hivi baada ya Njia ya Msalaba, wengi wao kina mama wa jumuiya na watoto. Kaka alikuja amechelewa, ametoka shambani, na mabuti ya mpira na kofia yake ya pama. Alisimama pembeni mikono nyuma. Mimi nikavua viatu mlangoni mwa mzingile, nikaingia. Nilipotazama tena, alikuwa ameingia na mabuti yake.

Tulikutana katikati, wakati mimi nimeshasimama hapo kidogo.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa unarudi."

"Kwa njia hiihii?"

"Hiihii."

Akatazama mawingu upande wa Mawenzi. Masika ilikuwa imeanza, na matone ya kwanza yalianguka palepale, makubwa, kisha mvua yenyewe ikaja kama iliyomwagwa kwa beseni. Watoto wakapiga kelele wakakimbia. Kina mama wakainua kanga vichwani, wote wakaukata mzingile kuelekea baraza la kanisa. Na mimi, niliyekuja na habari zote hizi kutoka Ulaya, nilikuwa wa pili au wa tatu kufika barazani.

Tulipogeuka kaka alikuwa bado uwanjani. Anazunguka. Mistari ilikuwa imeanza kufutika, chokaa inatiririka chini ya mabuti yake, naye anainamia chini ya ukingo wa kofia kutafuta kona inayofuata. Katekista akamwita, hakugeuka. Alifika mlangoni, akainama, kisha akaja barazani kwa hatua zilezile za mtu asiye na haraka, maji yakimchuruzika, akanikabidhi viatu vyangu.